Ofisi Inapohamia Chumbani: Matumizi ya Kaya, Makazi na Afya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwapo kwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania, msafiri aliyekuwa ameingia kwa ndege akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na vyuo vikafuata. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku na Uganda ikasimamisha karibu shughuli zote, lakini Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani. Masoko, nyumba za ibada na daladala ziliendelea. Kwa sababu hiyo wengi wamezoea kusema kwamba kufanyia kazi nyumbani lilikuwa jambo la Ulaya na Marekani, na kwamba Dar es Salaam halikuigusa.

Usemi huo una ukweli nusu tu. Ni kweli kwamba mama lishe wa Tandika, machinga wa Kariakoo na dereva wa bodaboda wa Mbagala hawakuwa na kazi inayobebeka kwenye kompyuta mpakato. Hata hivyo, waajiriwa wa mashirika yasiyo ya kiserikali, balozi, kampuni za kigeni na taasisi za elimu ya juu walirudishwa nyumbani kwa wiki au miezi. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa nyumbani wakisubiri mishahara iliyotegemea ada ambazo wazazi hawakuzilipa tena. Mafundi cherehani walihamishia vyerehani sebuleni na kushona barakoa za kitambaa, na wanawake waliokuwa wakiuza vitafunwa kwenye malango ya shule walianza kukaangia mlangoni kwao. Zaidi ya hayo, wanafunzi wote walikuwa nyumbani. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, nyumba zilizozoea kuwa tupu kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni zilijaa watu mchana kutwa.

Gharama zilizokuwa zikibebwa na ofisi na shule zilihamia kwenye kaya, na hatari za kiafya zikahamia pamoja nazo. Mtoa huduma aliyemwona mgonjwa kliniki aliona matokeo tu: shinikizo la damu lililopanda bila sababu ya wazi, mtoto mwenye nimonia ya mara ya pili, kijana mwenye maumivu ya mgongo. Chanzo chake kilikuwa kwenye daftari la matumizi ya nyumba ambalo hakuna aliyelifungua.

Nauli iliyobaki na sahani zilizoongezeka

Kwa hesabu ya juu juu, mfanyakazi anayebaki nyumbani anapaswa kuwa na nafuu. Nauli ya daladala kwa njia fupi wakati huo ilikuwa shilingi 400. Mtu anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi alitumia shilingi 1,600 kwa siku, yaani shilingi 35,200 kwa siku 22 za kazi. Ukiongeza chakula cha mchana na chai ya saa nne, kiasi kinachobaki mfukoni si kidogo.

Swali ni kimebaki mfukoni mwa nani. Katika kaya nyingi za Temeke na Kinondoni nauli na chakula cha kazini hutoka kwenye mkono wa anayepokea mshahara, na matumizi ya jikoni hutoka kwenye hela anayoiacha mezani asubuhi. Mifuko hii miwili haisomani. Baba anapobaki nyumbani, nauli yake haihamii mezani yenyewe, lakini sahani ya mchana inaongezeka mara moja. Watoto watatu waliokuwa wakinywa uji shuleni nao wanaongezeka. Mama aliyekuwa akipika mara moja jioni sasa anapika mara tatu, kwa hela ileile ya meza, mkaa uleule na unga uleule. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa ndani ya nyumba ulipoanzia, na wala haukuhitaji mshahara kupungua.

Pale mshahara ulipopungua, mambo yalikuwa mazito zaidi. Aprili 2020 sukari ilipanda bei hadi Serikali ikatangaza bei elekezi, na malimau na tangawizi vikawa bidhaa za kugombewa kwa imani kwamba vinakinga. Kaya yenye akiba ilinunua mchele kwa gunia. Kaya isiyo na akiba iliendelea kupimiwa mafuta ya kula kwa vipimo vidogo na kununua mkaa kwa kopo. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, jambo ambalo kila mwenye duka la mtaani analijua na wataalamu wa lishe hulisahau wanapoandika ushauri wa mlo kamili.

Kaya inapobanwa hukata kwanza kile kisicholia. Njaa hulia, mtoto hulia, mwenye nyumba hugonga mlango. Shinikizo la damu halilii. Mgonjwa wa miaka 55 asiyesikia maumivu yoyote huona kidonge cha kila siku kuwa ndiyo matumizi yanayoweza kusubiri, kwa hiyo hukimeza siku moja na kuruka siku ya pili, au hukigawana na mwenzake mwenye ugonjwa kama wake. Baadhi ya dawa za kundi linalopunguza mapigo ya moyo, zikisimamishwa ghafla, huweza kulirudisha shinikizo kwa nguvu kuliko lilivyokuwa mwanzo. Kiharusi kinapotokea, hugharimu kaya fedha nyingi mno kuliko zile zilizookolewa.

Uniti 75

Umeme unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo gharama ambayo mwajiri huihamisha bila hata kujua. Bei za umeme zilizotumika katika kipindi hicho zilimpa nafuu mtumiaji mdogo wa majumbani: shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ililipiwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo.

Tuchukue mfano wa kaya iliyokuwa ikitumia uniti 70. Bili yake ni shilingi 7,000. Sasa baba au mama anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa nane, siku 22, inakula karibu uniti 9. Feni ya wati 60 kwa muda huohuo inakula karibu uniti 11. Televisheni ya wati 80 inayowatuliza watoto kwa saa sita kila siku inakula uniti 14. Jumla ni uniti 34 za ziada, na kaya imefika 104. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 29 zilizobaki ni shilingi 10,150. Matumizi ya umeme yameongezeka kwa chini ya nusu, lakini malipo yamepanda kutoka shilingi 7,000 hadi 17,650.

Hiyo ni kaya yenye mita yake. Katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba pande mbili, kaya tano au sita hutumia mita moja ya LUKU na kuchangiana kwa chumba. Aliyekuwa akiondoka alfajiri na kurudi usiku alichanga sawa na wengine bila mtu kunung'unika. Anapokaa ndani siku nzima na kompyuta na feni, majirani huanza kuhesabu. Umeme unapokatika kwa sababu hakuna aliyechanga, friji la mpangaji mmoja, ambalo huenda ndilo lililohifadhi insulini ya mgonjwa wa chumba cha tatu, nalo huzimika.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kutumika kwa takriban wiki nne nje ya friji ikiwa mahali si pa joto kali, na chumba chenye paa la bati mchana wa Dar es Salaam ni pa joto kali. Mtungi wa udongo wenye maji, au vyungu viwili vyenye mchanga wa maji kati yake, hupunguza joto kwa kiasi cha maana na husaidia chupa inayotumika. Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwenye nyumba ya mita moja anastahili kufundishwa jambo hili siku ileile anayoandikiwa dawa, badala ya kuambiwa tu "weka kwenye friji".

Baadhi ya nchi zilitambua kwamba gharama hizi ni za kazi. Uingereza iliruhusu nafuu ya kodi kwa pauni 6 kwa wiki kwa aliyelazimika kufanyia kazi nyumbani, na Ujerumani iliweka euro 5 kwa siku. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini ukaguzi wake umezoea kiwanda, ghala na ofisi. Kitanda kilichogeuzwa meza ya kazi hakijapata mkaguzi. Mwajiri muungwana aliongeza fedha za kifurushi cha intaneti, na wengi wa waajiri hao hawakukumbuka umeme.

Kodi ya miezi sita

Inaweza kudhaniwa kwamba kaya iliyopungukiwa ingehamia chumba cha bei nafuu. Soko la nyumba za kupanga Dar es Salaam haliruhusu wepesi huo. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Aliyelipa Januari 2020 alikuwa salama hadi Juni, kisha akatakiwa kutoa fedha za nusu mwaka nyingine baada ya miezi mitatu ya kipato kilichoyumba. Kwa hiyo pigo la janga kwenye makazi halikuonekana Machi; lilionekana mkataba ulipokwisha. Vikoba, mikopo ya riba kubwa na kuuza friji ndivyo vilivyojaza pengo, na kwa familia nyingine watoto walipelekwa kwa bibi mkoani.

Wenye mishahara ya uhakika walienda upande mwingine. Kwa asiyelazimika kufika Posta kila asubuhi, umbali haukuwa tena kikwazo, na kiwanja cha Bunju, Chamazi au Toangoma kilichokuwa kikisubiri fedha kikawa makazi. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na watu 5,383,728 mwaka 2022, na jiji limekuwa likitanuka kuelekea pembezoni tangu kabla ya UVIKO-19. Janga liliongeza sababu moja tu kwa waliokwisha kuwa na nia. Wengi huhamia kabla ya ujenzi kwisha: madirisha yamezibwa kwa mbao au maturubai, sakafu haijapigwa saruji, maji yananunuliwa kwa madumu. Akiba ya kodi ya pango ni ya kweli. Lakini vumbi la saruji na mchanga halimfai mwenye pumu, na maji yaliyowekwa kwenye ndoo, mapipa na matangi yasiyofunikwa huzaa mbu.

Mbu hao wanahitaji neno la ziada. Mwaka 2019, miezi michache kabla ya UVIKO-19, Dar es Salaam ilikuwa kitovu cha mlipuko mkubwa wa homa ya dengi. Aedes, mbu anayeeneza dengi, hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu na huuma mchana. Mtu anayefanyia kazi nyumbani hukaa saa nane mbele yake, miguu ikiwa chini ya meza, mahali ambapo chandarua cha usiku hakina msaada. Ushauri wa malaria peke yake hautoshi kwa kaya kama hii. Vyombo vya maji vifunikwe na visuguliwe kwa ndani kila wiki, na wavu wa dirishani uhesabiwe kuwa wa lazima kama chandarua.

Hewa ya chumba kimoja

Umoja wa Mataifa huhesabu chumba kuwa kimesongamana kinapokaliwa na zaidi ya watu watatu. Wilaya ya Kinondoni ina Masaki, ambako mwenye nyumba huwa na chumba cha kusomea, na ina Tandale, ambako chumba kimoja ni cha kulala, kulia, kuhifadhia vyombo na, tangu Machi 2020, cha kufanyia kazi. Takwimu ya wastani ya wilaya huzificha nyumba hizo mbili kwa pamoja.

Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita 2.7 kina takriban mita za ujazo 24 za hewa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Kwa watu watano hiyo ni mita za ujazo 180 kwa saa, maana yake hewa yote ya chumba ibadilike zaidi ya mara saba kila saa. Dirisha na mlango vinavyotazamana vikiwa wazi, upepo wa pwani huifanya kazi hiyo bila malipo. Vikifungwa, hewa haibadiliki hata mara moja kwa saa. Na hufungwa kwa sababu za haki kabisa: wezi, mbu, vumbi, na, kwa anayefanya kikao kwa simu, kelele za korido.

Virusi vya UVIKO-19 vilinufaika na hali hiyo, na kifua kikuu hunufaika zaidi kwa sababu hakina haraka. Hatari ya kuambukizwa hutegemea saa ambazo watu huvuta hewa moja. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa akitoka alfajiri sasa anashinda na mwanawe wa miaka mitatu kwenye chumba kilekile. Mtoa huduma anayemwandikisha mgonjwa wa namna hii asisubiri mtoto akohoe. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wachunguzwe, na wasio na ugonjwa wapewe tiba kinga. Mgonjwa mwenyewe, hasa katika wiki za mwanzo za matibabu, afanyie kazi yake barazani au uani kwa kadiri inavyowezekana.

Moshi ni adui wa pili. Shule zilifungwa mwanzoni mwa masika. Mvua inaponyesha, jiko la mkaa lililokuwa uani huingizwa koridoni, na sasa linawaka mara tatu kwa siku badala ya moja huku vyumba vikiwa na watu. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, na hapo ndipo hatari yake hujificha: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyowapata watu kadhaa wa nyumba moja saa za kupika, na kuisha wakitoka nje, si malaria hadi kipimo kiseme hivyo. Jiko lenye makaa yanayowaka lisilale ndani, hata kwa usiku mmoja wa mvua.

Maumivu ya mgongo na shingo ya anayeandika akiwa amekaa kitandani hayahitaji maelezo marefu: kiti kigumu chenye mgongo, kompyuta iliyoinuliwa juu ya vitabu hadi usawa wa macho, na kusimama kila nusu saa husaidia kuliko dawa za maumivu. Uzito unaoongezeka nao una sababu nyepesi, kwani safari ya kituoni kwa miguu, asubuhi na jioni, ilikuwa mazoezi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Ukatili wa ndani ya nyumba ni suala zito zaidi kuliko nafasi inayopatikana hapa. Itoshe kukumbusha kwamba Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Maswali ya kliniki

Baada ya shule kufunguliwa gharama zilizohamia nyumbani hazikurudi zote ofisini, na nyingine ziliongezwa. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, iliyopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo baada ya malalamiko. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na si kila mpangaji aliyekuwa na ujasiri wa kudai arudishiwe. Fedha anayotumiwa mgonjwa na kijana wake kwa ajili ya dawa ilikatwa njiani kwenye simu, kisha ikakatwa tena kwenye mita.

Kwa hiyo historia ya mgonjwa wa ugonjwa sugu anayeishi Mbagala, Yombo au Mwananyamala haijakamilika kwa kuuliza dalili peke yake. Aulizwe wangapi wanashinda nyumbani mchana, wangapi wanalala chumba kimoja naye, wanapikia wapi mvua inaponyesha, mita ya umeme ni ya nani, kodi inaisha mwezi gani, na ni nani anayetoa fedha ya dawa. Maswali haya huchukua dakika tatu. Jibu la "kodi inaisha mwezi ujao" ni onyo kwamba mwezi ujao dawa zitarukwa, na linampa daktari nafasi ya kuchagua dawa ya bei nafuu ya kumeza mara moja kwa siku kabla mgonjwa hajajichagulia mwenyewe kuruka.

Wateja wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walikuwa wamekwisha kuzoea kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja wakati janga linaanza. Mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye hali yake imetulia anaweza kuhudumiwa vivyo hivyo. Akipewa vidonge vya miezi mitatu badala ya mmoja, safari mbili za hospitali hufutika, na kwa mtu wa magari mawili kwenda na mawili kurudi hizo ni shilingi 3,200 kwa nauli ya wakati ule, kiasi kinachoweza kununua vidonge vya kawaida vya wiki kadhaa katika duka la dawa la mtaani.